Barua ya wazi kwa wakuu wa TBC: Msihifadhi nyimbo mkawasahau watangazaji

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Utangazaji Tanzania, na kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya habari.

YAH: SAUTI ZA WATANGAZAJI WA RADIO TANZANIA DAR ES SALAAM

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Waziri,

Mtangazaji Charles Hilary alipofariki Mei 2025, simu zetu zilijaa picha zake na rambirambi. Mimi siku ile nilitaka kitu kimoja tu, kumsikia. Si Charles Hilary wa BBC wala wa Azam, wala yule aliyekuwa msemaji wa Ikulu ya Zanzibar. Hao ukiwatafuta unawapata. Nilimtaka yule kijana wa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), redio ya taifa ambayo leo ni TBC Taifa, wa miaka ya themanini. Nilitafuta mpaka usiku wa manane nikaambulia picha za mnato, na watu wa rika langu wakiulizana nani ana kaseti. Ilikuwa hivyo hivyo Oktoba 2013, alipotutoka Julius Nyaisangah, Anko J wetu, kule Morogoro.

Ndiyo maana naandika. Ombi langu ni moja ingawa lina kazi nyingi ndani yake: zitafuteni, zirekodini na zifungulieni kwa wananchi sauti za watangazaji wa RTD, kwa uzito uleule mnaozipa nyimbo na hotuba.

Hotuba za Mwalimu zimetunzwa, na ni haki zitunzwe. Nyimbo nazo zimepata watetezi. Bendi zilikuwa zikipanda basi na treni kutoka Tabora, Tanga na Morogoro kuja kurekodi kwenye studio za Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri, na bendi iliyotaka sahani ilikwenda Nairobi. Kwa hiyo studio ya redio ya taifa ikawa ndiyo ghala la muziki wa nchi nzima. Mwaka 2012 wenzetu wa Tanzania Heritage Project walichangisha fedha mtandaoni ili mikanda ile iokolewe, na magazeti ya ndani na nje yakaandika. Kila aliyeandika aliandika habari za muziki. Sikumbuki hata mmoja aliyeuliza habari za yule aliyekuwa akiutambulisha.

Na huyo ndiye aliye hatarini zaidi, kwa jinsi kazi yake ilivyokuwa. Wimbo uliingizwa kwenye mkanda, mkanda ukapewa namba, ukawekwa kwenye rafu. Mtangazaji alifungua kipaza sauti, akasema, maneno yakaenda hewani yakaisha. Mkanda wenyewe ulikuwa wa kuagizwa nje kwa fedha za kigeni. Redio nyingi duniani wakati ule, hata za nchi tajiri, zilikuwa na desturi ya kufuta vipindi vya kila siku na kurekodi vingine juu yake. Kilichowekwa kilikuwa kile kilichoonekana kina thamani siku ile, na salamu za Jumapili mchana nani angedhani zina thamani?

Nimekulia Korogwe, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge. Redio pale kambini zilihesabika, nyingi zikiwa National za betri. Betri zikianza kuchoka zilianikwa juani juu ya bati, na kila mtoto alijua hazichezewi. Jioni mwenye redio aliitoa barazani, akaigeuza huku na huku mpaka sauti ikatulia, na majirani wakaja na vigoda vyao bila kuitwa. Kabla ya taarifa ya habari ilipigwa ngoma. Ngoma ile ilinyamazisha watu wazima katikati ya sentensi.

Kila mtu pale alikuwa na mtangazaji wake. Baba alikuwa mtu wa David Wakati, aliyekuja kuiongoza RTD, na alikuwa akisema kwamba habari isiyosomwa na Wakati bado haijawa habari. Kaka zangu walikuwa wa Nyaisangah. Sisi wadogo tulikuwa wa Deborah Mwenda na kipindi cha Mama na Mwana. Hadithi ikianza hata mbuzi waliokuwa hawajafungwa walisahauliwa. Ben Kiko akituma habari zake kutoka Tabora, tulikuwa tukisikiliza kwanza anavyosema, ndipo tusikilize anachosema. Pwagu na Pwaguzi wakimaliza mchezo wao, kesho yake maneno yao yalikuwa midomoni mwa wakata mkonge. Nataja wachache. Wengine wengi hawatajwi popote, na wengine walikuwa wakijitaja mara moja tu mwishoni mwa zamu, kwa haraka, kabla ya kumkabidhi mwenzao kipaza sauti.

Ile kambi ilikuwa ya watu waliotoka mbali: Waha wa Kasulu, Wabena wa Njombe, Wamakonde wa kule Newala. Mashamba ya mkonge yalijazwa na watu wa namna hiyo tangu enzi za ukoloni. Barua kutoka kwao ilichukua wiki, simu ilikuwa ya meneja. Kwa watu hawa matangazo ya vifo redioni hayakuwa kipindi cha kupita tu. Yalipoanza, hakuna aliyethubutu kugusa kitufe. Mtangazaji alishusha sauti kidogo akasoma: fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, kilichotokea mahali fulani, mazishi siku fulani. Kisha yale maneno, habari ziwafikie, na ndugu wakatajwa mmoja mmoja na mahali walipo. Wa Mwadui. Wa Songea. Wa Arusha Chini.

Jioni moja ilisomwa habari ya jirani yetu, Muha, mkata mkonge. Mama yake alikuwa amefariki Kasulu. Mtangazaji alilitaja jina lake kamili kama anavyolitaja mtu aliyekaa naye meza moja, hakulivunja, hakulikimbiza, akamalizia na jina la shamba letu. Jirani yule alisimama, akavua kofia. Hakuna aliyesema kitu mpaka tangazo lililofuata likaisha. Wanaume wakachanga nauli usiku ule ule, na alfajiri akapanda basi la Morogoro kwenda kuiwahi treni ya Kigoma. Mtangazaji aliyesoma hakuwahi kujua kilichotokea kwenye baraza ile. Alikuwa amesoma majina mengi siku ile, na kila jina alilipa haki yake.

Hiyo ndiyo kazi ninayoisemea. Nchi yetu ina makabila zaidi ya 120, na majina ya makabila yote hayo yalipita kwenye meza moja ya Dar es Salaam. Fikirini kadi za salamu. Msikilizaji wa Namanyere aliandika kadi, akaitia posta, ikasafiri, na siku ikisomwa mtangazaji alitakiwa kumtaja Rweyemamu, Ng'wandu, Nchimbi na Mwaikambo kwa mfululizo bila kujikwaa, kisha aseme wimbo, kisha ataje saa. Hakukuwa na nafasi ya kurudia. Waliozisoma kadi zile walijifunza matamshi kwa kuulizana korido kwa korido, Msukuma akimfundisha Mhaya, Mhaya akimfundisha Mmakonde. Leo tukisema Kiswahili kilituunganisha, tunataja sera na vitabu. Kwa mtoto wa Korogwe kilikuja na sauti za watu.

Na mpira! Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka miaka ya tisini, kwa hiyo kizazi chetu kiliutazama mpira kwa masikio. Mwaka 1979 Simba ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa hapa Dar es Salaam, watu wakaizika. Ikaenda Zambia ikashinda 5-0. Mwaka huohuo Peter Tino akafunga Ndola, Taifa Stars ikatoka sare ya 1-1 na ikapata tiketi ya fainali za Afrika za 1980 Lagos. Waliokuwa uwanjani Ndola ni wachache mno. Sisi wengine wote tuna kumbukumbu ya bao lile kama tuliliona, na tuliloliona lilitengenezwa na mtangazaji. Ahmed Jongo alikuwa na kipaji cha kukuweka uwanjani: upepo unatoka wapi, nani kainama anafunga kamba za kiatu, mpira uko wingi ya kulia unakaribia kibendera. Mtoto aliyekuwa hajawahi kuuona uwanja wenye nyasi alijua nafasi ya kila mchezaji.

Redio ile ilikuwa na nguvu ambayo sijaona chombo kingine kikiipata. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilifikia watu wazima wapatao milioni 2 kupitia vikundi vya kusikiliza vijijini, na vyoo vikachimbwa. Walioaminiwa kiasi hicho walikuwa watu wenye majina, na sauti zao ni sehemu ya historia hiyo.

Sasa niseme kuhusu muda, maana hapa ndipo pananiumiza. Mkanda wa sauti ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma kwa gundi. Kwenye joto na unyevu wa pwani gundi hunyonya maji, hunata, na unga hubanduka mkanda unapopita kwenye mashine; unachokiona kimebaki kama vumbi la kahawia kwenye kichwa cha mashine ni sauti yenyewe. Mikanda ya zamani zaidi, ya asetati, ikianza kuoza hunuka siki. Mkanda wa namna hiyo unaweza kukupa nafasi moja tu ya kuusikiliza, na nafasi hiyo lazima iwe siku unapouhamishia kwenye kompyuta.

Mashine ndiyo shida kubwa kuliko mkanda. Mashine za kuchezesha mikanda hazitengenezwi tena kwa wingi, vipuri ni vya kuwinda, na mafundi wanaojua kusawazisha kichwa au kuunga mkanda uliokatika kwa wembe na utepe wa kunata wamestaafu. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha maktaba za sauti walitoa tahadhari kwa dunia nzima kwamba baada ya 2025 au karibu na hapo, kuhamisha mikanda hii itakuwa kazi ngumu na ya gharama kubwa mno. Mwaka walioutaja umeshafika.

Kuna nchi zilizofanya, na si za matajiri peke yao. Maktaba ya redio ya Guinea iliyoko Conakry iliokolewa kwa ushirikiano na British Library, na nyimbo zaidi ya 9,000 zikawekwa wazi mtandaoni. Leo mtoto wa Conakry anasikiliza bendi za enzi za babu yake bila kulipa. Na BBC, iliyofuta vipindi vyake vingi zamani, mwaka 2001 iliwaomba wananchi waingie darini na makabatini kutafuta walichorekodi wenyewe. Watu wakaleta. Vipindi vilivyodhaniwa vimepotea milele vikarudi kutoka majumbani.

Hilo la pili ndilo naliombea zaidi, kwa sababu kwetu kaseti zipo. Vijana wa miaka ya themanini walirekodi muziki kutoka redioni kwa redio kaseti ya familia. Kila mtu alisubiri mtangazaji anyamaze ndipo abonyeze kitufe, lakini mkono uliwahi au ulichelewa, na sauti ya mtangazaji ikanaswa: nusu ya jina la bendi, saa, kicheko kidogo. Kaka yangu anayo kaseti ya namna hiyo, imefungwa kwa raba. Upande B, wimbo wa Mlimani Park unapoishia, mtangazaji anasema sasa ni saa kumi na moja na dakika ishirini, anawatakia safari njema walioko barabarani, anaanza kuwatambulisha Vijana Jazz, na katikati ya neno mkanda unakatwa. Ni sekunde chache. Wajukuu waliposikia walitaka irudiwe, na waliouliza habari zake hawakuuliza wimbo, waliuliza huyo anayeongea ni nani.

Kaseti kama hizo ziko Mbeya, Musoma, Mtwara, Ujiji. Ziko pia Muscat, London na Toronto, kwa Watanzania waliohama wakabeba sauti za nyumbani kwenye sanduku. Zipo hata kwa wenzetu wa Mombasa na Bujumbura waliokuwa wakiinasa RTD usiku. Nyingi zitatupwa siku wenyewe wakifariki na watoto wakisafisha nyumba, kwa sababu juu yake pameandikwa tu "mchanganyiko".

Kwa hiyo naomba mtangaze kwamba mnazipokea. Pawe na mtu mwenye jina na meza, si kamati. Mwananchi alete kaseti, ihamishiwe kwenye kompyuta mbele yake ikiwezekana, arudishiwe kaseti yake na nakala, na jina lake liandikwe kwenye kumbukumbu. Waandishi wenu wako kila mkoa, na Posta iliyobeba kadi zetu za salamu bado inafanya kazi.

Wakati huohuo waketisheni studio wale walio hai. Watangazaji, ndiyo, lakini pia mafundi mitambo, watunza maktaba, waliokuwa wakipanga kadi za salamu mezani, madereva waliobeba mashine za kurekodia mikoani. Edda Sanga na Tido Mhando wametoka kwenye mikono ya RTD, na kila mmoja wao anaweza kuwataja kumi ambao mimi siwajui. Muwape muda mrefu, saa tatu, saa nne, si dakika tano za kipindi cha sikukuu. Waulizeni walivyofundishwa kupumua mbele ya kipaza sauti, walivyofanya umeme ulipokatika taarifa ya habari ikiendelea, nani aliwasahihisha matamshi na kwa ukali gani. Wapeni na mikanda isiyo na maelezo waisikilize. Mtu aliyefanya kazi pale mwaka 1978 anaweza kuitambua sauti ya mwenzake kwa kikohozi tu, na hakuna kompyuta itakayowaambia hilo akishaondoka.

Naomba pia orodha. Najua kazi ya kuhamisha mikanda ilikwishaanzwa na kwamba fedha haitoshi, wala sitaki kuwabeza waliovumilia vumbi la maktaba ile kwa mishahara yao. Lakini wananchi tungepewa orodha ya kilichopo, hata ikiwa na mapengo, tungesaidia kuyajaza. Mwalimu mstaafu wa Iringa akiona kwenye orodha jina la kipindi alichoshiriki akiwa mwanafunzi, atawapigia.

Haki za wenyewe zisirukwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na wanamuziki wengi wa enzi ile walikufa maskini huku nyimbo zao zikipigwa kila siku. Sauti zitakapofunguliwa, familia zao na familia za watangazaji zihusishwe tangu mwanzo, na kinachoingia, hata kikiwa kidogo, kiwafikie.

Kuna watakaosema fedha hii iende kwenye mitambo mipya na vijana. Siwalaumu vijana wanaotangaza leo. Redio binafsi zilipokuja baada ya sheria ya utangazaji ya 1993 zilileta uchangamfu ambao RTD haikuwa nao, na baadhi ya walioziwasha walikuwa ni hao hao waliotoka Barabara ya Pugu. Ila kijana anayesomea utangazaji Dodoma au Mwanza anafundishwa kwa mifano ya nani? Anasoma kwenye kitabu kwamba Jongo alikuwa bingwa wa kutangaza mpira. Ampate basi amsikie, aliinuaje sauti na alinyamaza wapi, kama anayesomea ngoma anavyomsikia mpigaji.

Mkitaka siku ya kuanzia, Februari 13 ni Siku ya Redio Duniani. Tangazo la kuomba kaseti lisomwe siku hiyo TBC Taifa, kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na asome mmoja wa wale wazee. Litaje ofisi ya kupokea, namba ya simu na mwisho wa kupokea, tena uwe mwisho wa mbali, kwa sababu kaseti nyingine ziko kwa watu wasio na simu za kisasa na itabidi watoto waje likizo ndipo wazitafute. Lirudiwe mwezi mzima. Nimekwisha zungumza na kaka yangu, na ile ya kwetu iko tayari kuletwa. Tunangoja kuambiwa ni kwa nani na mlango gani.

Wenu,
Msikilizaji wa RTD, Korogwe